Mchujo wa kazi ya wahitimu, na "tu-" inayokuponza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Langoni alinijia barazani, simu mkononi. Barua pepe ya tatu ya "tunasikitika kukufahamisha" ndani ya mwaka mmoja. Zote za kazi za wahitimu, na zote zimemwacha mlangoni kabisa, hatua ya mwisho.

"Shangazi, mitihani napita. Wakiniona tu, naanguka. Ni jina langu au ni nini?"

Nikamwambia anijibu kama alivyowajibu wao. Hakumaliza jawabu la pili, nilishajua. Lakini nianzie mwanzo, maana kabla ya kurudi Lamu nilikaa miaka 12 upande wa pili wa meza nikisaili wahitimu, na naona watu wakiogopa pasipo na jambo na kulala penye jambo.

Fomu ya mtandaoni, kwa mfano. Watu husema kompyuta imewatupa kwa sababu CV haikuwa na maneno fulani. Huenda. Ila niliyoyaona mimi, wengi waliangushwa na maswali mafupi ya mwanzo: umehitimu mwaka gani, una daraja la pili la juu au la chini, uko tayari kuhamia mji mwingine. Jibu likienda kinyume na sharti, umetoka, na CV yako haikufunguliwa. Soma masharti kabla hujamaliza bando.

Wakikudai cheti cha tabia njema, cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na cha KRA (mamlaka ya kodi) hapohapo mwanzoni, jua kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri huruhusiwa kudai vyeti hivyo pale tu anapokusudia kukupa mkataba. Wapo wanaodai mapema hata sasa. Na anayetaka pesa ya "kushughulikia faili" si mwajiri huyo, mfungie namba.

Mtihani wa hesabu nao hauna hesabu ngumu, una saa inayokimbia. Kilo ya samaki aina ya changu imepanda kutoka shilingi 400 hadi 500, kisha ikarudi 400. Imepanda kwa asilimia ngapi, imeshuka kwa asilimia ngapi? Mwenye haraka hujibu 25 na 25. Kupanda ni 25, kwa kuwa ile 100 unaigawa kwa 400. Kushuka ni 20, kwa kuwa sasa unaigawa kwa 500. Lile jibu la makosa utalikuta limepangwa chini pamoja na mengine, limewekwa makusudi likungoje. Fanya mazoezi ukiwa na saa mbele yako.

Usaili wa kujirekodi kwa kamera sina mengi nao. Taa iwe mbele yako, simu isitikisike. Punda akilia dirishani, endelea kusema. Sijapata kumkata mtu alama kwa ajili ya punda.

Sasa siku ya tathmini, yaani hatua ya mwisho ya mazoezi ya kikundi na usaili wa jopo, inayofanyika mara nyingi Nairobi. Ukitoka kwetu ni boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, kisha basi jingine au treni. Fika jana yake. Mimi mwenyewe, nikiwa mwombaji, niliwahi kushuka kwenye basi asubuhi na kuingia moja kwa moja kwenye zoezi la kikundi. Sita tulizunguka meza, wawili wamenizidi umri, nami nikanyamaza kwa adabu nikisubiri wakubwa wamalize. Hawakumaliza. Nikarudi na soda niliyopewa.

Baadaye, nilipoishika mimi karatasi ya alama, nilielewa. Kila sifa ina namba 1 hadi 5, na pembeni nafasi ya kuandika ushahidi, yaani kile ulichotamka. Kimya hakina pa kuandikwa. Lakini hata anayepiga kelele hapati. Nilikuwa nikimpa alama nzuri anayesema, "Mwenzetu ametaja gharama, hatujamjibu, tumalize hilo kwanza." Hiyo ni adabu ya barazani hasa, tena imesemwa kwa sauti.

Turudi kwa kijana wangu. Jopo lilimuuliza ni lini aliwahi kuongoza jambo gumu. Alijibu: "Tulipanda mikoko, tulishirikiana na wazee, tulifanikiwa." Vizuri, lakini mbele ya jina lake niandike nini? Kikundi kimefanya, yeye je?

Nikamuuliza boti ilipatikana vipi. "Nilimwendea nahodha. Akakataa mara mbili. Nikampigia hesabu ya dizeli, nikamwonyesha kwamba akitupeleka maji yakijaa hatazunguka, akakubali."

"Mbona hayo hukuwaambia?"

"Si kujisifu huko, shangazi?"

Hapo ndipo wanapoangukia watoto wetu wengi. Si kujisifu, umeulizwa. Wala sikumwambia aifute "tu-", maana anayesema "mimi, mimi" tangu mwanzo hadi mwisho naye huwachosha wasaili. Mpe kila mtu chake: "Tulikuwa 14. Mimi nilipewa usafiri. Nahodha alikataa, nikafanya hivi, siku ile tukapanda." Unaanza na wenzako, unashuka kwenye kazi yako, unarudi kwao.

Jana usiku tumerudia mara sita. Mara ya kwanza alisema "tulimwendea nahodha", nikamuuliza mlikwenda wangapi, akacheka. Mara ya sita alisema "nilimwendea" bila kutazama chini. Alhamisi anapanda boti ya Mokowe ya alfajiri.