Mrubuni Huanza na Nyumba

Miswada mingi ninayoletewa kuhariri hapa Mombasa, ikigusa mtu mzima anayemharibu kijana, humleta mgeni mwenye macho mekundu, amejibanza kichochoroni Majengo. Msichana anapita akitoka madrasa, anakamatwa, sura inaisha. Visa hivyo vipo. Lakini kurubuni ni kazi nyingine kabisa, na hula kurasa nyingi.

Mrubuni huanza na nyumba. Ni mwalimu wa tuisheni, jirani, rafiki wa baba, mtu ambaye watoto humwita anko. Analeta unga siku ambayo mama hana, anamalizia karo, anamsifu mama kwa malezi. Akishaaminika ndipo anajitolea kumrudisha binti kutoka Kisauni kila jioni (au mvulana, waandishi wetu huwasahau sana wavulana). Kisha inakuja simu, bando, na siri ndogo: "Usimwambie mamako nimekununulia." Siri hiyo ni kipimo. Mtoto akiinyamazia, anko anajua na kubwa itanyamaziwa. Mwandishi akiziruka hatua hizi, msomaji atauliza lile swali baya la mtaani: mbona hakupiga kelele? Apige kelele juu ya mtu anayelipa karo, mbele ya mama anayemwombea dua?

Kigumu zaidi ni kuamua nani asimulie. Vladimir Nabokov, katika riwaya yake Lolita iliyotoka Paris mwaka 1955, alimkabidhi mkosaji mwenyewe kalamu. Mkosaji huyo, Humbert, anapamba maneno hadi unakaribia kusahau kwamba Dolores, mtoto anayemharibu, ana miaka 12, kisha anateleza na kukiri kwamba usiku, yeye akijifanya amelala, mtoto alikuwa akilia. Kila usiku. Mapambo yote yanaanguka hapo. Wanaoiga mbinu hiyo huniletea mapambo bila kilio, na hapo wamemfanyia mrubuni kazi yake.

Kate Elizabeth Russell, katika My Dark Vanessa (2020), amepita njia nyingine. Msimulizi ni mwanamke mzima anayeshikilia kwamba aliyofanyiwa na mwalimu wake akiwa na miaka 15 yalikuwa mapenzi. Akikubali kinyume chake, itabidi aupange upya ujana wake wote. Mimi naiona njia hii kuwa salama zaidi kwa mwandishi anayeanza.

Kuna waandishi wanaojitetea kwangu: mtoto katika hadithi yao ana miaka 17, na alikubali. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya 2006 haina nafasi hiyo. Kwa mtoto wa miaka 16 hadi 18 inataja kifungo kisichopungua miaka 15, na mwalimu anayetumia cheo chake ametajwa kivyake. Mhusika anaweza kuamini alikubali, riwaya isiamini.

Matukio ya mwili nayafuta. Mlango ukifungwa, msomaji ameelewa.

Panapoharibika tena ni pale mtoto anapofichua. Katika miswada huketi kwa shangazi akaeleza yote kwa pumzi moja. Vijana hutoa vipande: hataki tena tuisheni, tumbo linamuuma kila Alhamisi, "kuna rafiki yangu mmoja..." halafu kimya, akiusoma uso wa mkubwa. Uso ukikunjamana, anakana. Huenda akajaribu tena baadaye, kwa mtu mwingine, kwa maneno tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo wakili wa mshtakiwa atakayoing'ang'ania kortini. Sura hiyo ya kukana siioni miswadani, nami humrudishia mwandishi kazi yake akaiandike.