Chuck Feeney hakutoa mali yake ili akwepe kodi

Juzi tena, kwenye semina ya wahasibu hapa Dar, mtu mzima mwenye CPA yake, cheti cha juu cha uhasibu, amesimama akasema matajiri wanatoa misaada ili wakwepe kodi. Ukumbi ukapiga makofi. Nakagua hesabu za mifuko ya hisani, na hili nimelisikia mara nyingi mno.

Chukua karatasi. Kampuni ina faida ya shilingi milioni 100. Ikilipa kodi ya asilimia 30, wenyewe wanabaki na milioni 70. Ikitoa zote 100 kwa yatima, hata tukisema sheria inakubali zote (na haikubali, kuna ukomo), kodi ni sifuri na wenyewe wanabaki na sifuri. Nafuu ya kodi inapunguza maumivu ya kutoa. Haimtajirishi mtu.

Ujanja upo, ila unakaa kwingine: kwenye kutoa bila kuachia. Niliwahi kukagua mfuko mmoja wenye gari jipya la "kutembelea wanufaika". Nikaomba kitabu cha safari. Saa 12:40 asubuhi, shuleni. Saa 9 mchana, kutoka shuleni. Hivyo hivyo kurasa na kurasa, mwandiko mmoja, wino mmoja. Wanafunzi wenyewe walikuwa wajukuu wa mwanzilishi. Risiti za kodi za mfuko ule zilikuwa safi kabisa.

Sasa mtazame Feeney, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Mwaka 1960 alianzisha na Robert Miller, kule Hong Kong, biashara ya maduka yasiyotozwa ushuru iliyokuja kuwa Duty Free Shoppers. Wajapani waliporuhusiwa kusafiri kitalii kuanzia 1964, fedha zikamiminika. Mwaka 1982 akaanzisha mfuko, Atlantic, na 1984 akauhamishia hisa zake asilimia 38.75 za kampuni. Zikatoka mikononi mwake moja kwa moja. Mwaka 1988 jarida la Forbes likamweka kwenye orodha ya matajiri wa Marekani, likihesabu mali ambayo tayari haikuwa yake! Siri kwamba alishaitoa ilitoka 1997, hisa zilipouzwa kwa LVMH, kampuni ya Ufaransa ya bidhaa za anasa.

Mfuko aliuandikisha Bermuda, nje ya Marekani, asilazimike kujitangaza. Kwa uamuzi huo alipoteza nafuu ya kodi ya Marekani kwa kile alichotoa. Mkwepa kodi gani anaitupa nafuu halali?

Lakini niseme kinachonisumbua. Biashara yenyewe tangu awali ilipangwa kupitia nchi za kodi ndogo, kwa hiyo sehemu ya kilichogawiwa baadaye kingeweza kuwa kodi ya umma. Tena, zaidi ya dola bilioni 8 zilikwenda vyuo vikuu vya Ireland, hospitali za Vietnam, chuo alichosoma cha Cornell na kwingineko, kwa uchaguzi wa mtu mmoja na wenzake wachache ambao hakuna aliyewapigia kura. Nimeliwaza hili miaka mingi na bado haliniishii moyoni.

Ila kuachia, aliachia. Mfuko ulimaliza fedha na kufungwa 2020. Yeye na mkewe walibaki na kama dola milioni 2, kwenye nyumba ya kupanga San Francisco, mkononi saa ya Casio ya plastiki, mpaka alipofariki 2023.

Jumatatu naingia kukagua mfuko mwingine. Nimeshaomba kitabu cha safari.