Mmiliki wa klabu ya raga hawezi kununua ubingwa anavyotaka
Kila mmiliki wa klabu ya raga ya wachezaji 13 anapostaafu kaskazini mwa Uingereza, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: hakutwaa ubingwa kwa sababu ya ubahili. Si hivyo. Ligi kuu ya mchezo huo huweka kikomo cha jumla ya mishahara ya kila klabu, na nyota wachache huhesabiwa humo kwa sehemu tu ya malipo yao. Wengi huchanganya na soka, ambako tajiri humwaga fedha kwenye usajili. Mchango wa mmiliki wa raga utafute kwenye uwanja, akademia na madeni. Hesabu za klabu husomeka bure mtandaoni. Tazama mikopo ya mmiliki: imelipwa, imesamehewa au bado inadaiwa? Hapo utampima kwa haki. Ujumbe ule tafadhali usiusambaze.