Mkondo thabiti: kwa nini leza ya kujiundia huchemka ikafa

"Ami, volti nimepunguza, mbona imekufa?"

Kijana aliyeniuliza hivyo hapa Langoni alikuwa na leza aliyoiunda ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Daiodi ya leza, kile kipande kidogo kinachotoa nuru yenyewe, aliitoa kwenye kidude cha kuchezea chenye betri tatu za kitufe, zile LR44, jumla volti 4.5. Akaziondoa, akatia betri moja ya simu, ambayo ikijaa huwa na kama volti 4.2. Ikawaka kwa nguvu, ikapata moto, na kabla ya isha ikabaki na wekundu hafifu kama kaa la udi linalozimika. Ukiona hivyo jua daiodi imekwisha. Mwanga inatoa, lakini si leza tena.

Hesabu yake ya volti ilikuwa sawa. Kilichomponyoka ni mkondo.

Volti ni msukumo, mkondo ni wingi wa umeme unaopita. Sisi wa Lamu tuna mfano wake mlangoni: Mkanda, pale kati ya Manda na bara. Maji yakitoka, chombo hakipiti. Yakijaa, njia inafunguka. Daiodi nayo ina kina chake. Chini ya kama volti 2, daiodi nyekundu haipitishi kitu cha maana. Ukishavuka hapo, nyongeza ndogo tu ya volti huleta mkondo wa kupindukia, na daiodi yenyewe haijui kusema basi. Kwa hiyo lazima kitu kingine kiweke mpaka. Umeme uliowekewa mpaka huo, ukabaki kiasi kilekile betri ikiwa imejaa au imechoka, ndio unaoitwa mkondo thabiti.

Kwenye kile kidude hapakuwa na rezista, yaani kipande cha kuzuia mkondo, hata moja. Kilichoiokoa daiodi siku zote ni unyonge wa betri za kitufe: zina ukinzani mkubwa ndani, haziwezi kutoa mwingi hata zikitaka. Betri ya simu haina unyonge huo. Inamwaga tu.

Sasa joto. Daiodi ya nanomita 650, yaani nyekundu, yenye nuru ya miliwati 5 hula kama miliampia 25 kwa volti 2.2, yaani miliwati 55. Tano zinatoka nuru, hamsini zinabaki joto, tena ndani ya kichembe kama punje ya chumvi. Kichembe hicho kikipata moto, volti kinayoihitaji hushuka, hivyo betri ileile inasukuma mkondo zaidi, na mkondo huo unaongeza moto. Kibaya zaidi, daiodi yenye moto huhitaji mkondo mkubwa zaidi ndipo itoe leza, kwa hiyo nuru inafifia. Mwenyewe anadhani betri imechoka, anatia nyingine mpya. Wengi wanaua daiodi hapo, kwa mikono yao wenyewe.

Dawa ya kwanza ni rezista. Toa volti 2.2 kwenye 4.2, zinabaki 2. Gawanya kwa ampia 0.025, unapata omu 80. Dukani utapewa ya 82, itafaa. Lakini betri ikishuka hadi 3.7, mkondo unakuwa miliampia 18 tu na leza inaweza kukaribia kuzimika ilhali betri bado ina chaji. Huo ni mpaka, ila si thabiti. Ukitaka thabiti hasa, tumia LM317, kipande cha kudhibiti umeme: gawanya 1.25 kwa mkondo unaoutaka, unapata omu za rezista ya kukiwekea. Rezista ya omu 51 inakupa kama miliampia 24.5. Hiyo LM317 nayo inataka kama volti 3 zake mwenyewe, kwa hiyo betri moja ya lithiamu, kama ile ya simu, haitoshi. Funga mbili mfululizo.

Usiijaribu saketi kwa daiodi ya leza. Funga daiodi tatu za kawaida zisizotoa nuru, 1N4001, mfululizo mahali pake; pamoja zinakula karibu volti 2.1. Pima mkondo kwa mita, ukiridhika ndipo ulehemu ile ya leza, tena umezima.

Lile bomba la plastiki nalo litupe. Plastiki inalishika joto kama blanketi. Daiodi ikae imebanwa ndani ya shaba nyeupe au alumini, na mafuta mazito ya kupitisha joto kidogo katikati. Kwa jua letu la Januari mimi huwasha nusu dakika, nikapumzisha.

Halafu kuna chumvi ya bahari, ambayo mafundi wa mbali hawaijui. Springi ya betri ikipata kutu, nuru hucheza ukitikisa. Ikilegea upande wa daiodi ni hatari zaidi: saketi yenye kapasita, kipande cha kuweka akiba ya umeme, hujaa volti zote wakati waya umeachana, na waya ukigusa tena kapasita inamwaga zote kwa pigo moja. Piga msasa, lehemu vizuri.

Majaribio elekeza ukutani, usielekeze jichoni wala kiooni. Wala angani, kwani ndege za Manda hushuka ng'ambo tu hapo.

Kijana alirudi Jumatano na daiodi nyingine, safari hii ndani ya kipande cha bomba la shaba la friji. Mita ilisoma 24. Nikamwambia aiache nusu dakika, kisha aguse bomba. Lilikuwa vuguvugu tu.