Kifuko cha nyongo kimetolewa, tumbo bado linauma

Alikuja na boti ya asubuhi kutoka Pemba, mama wa Wete, kwapani ana bahasha ya kaki iliyovimba kwa karatasi. Ultrasaundi tatu. Dozi mbili za vidonda vya tumbo. Kifuko chake cha nyongo kilitolewa miaka miwili kabla kwa ajili ya mawe, na bado juu ya tumbo, upande wa kulia, palimuuma, hasa msimu wa karafuu akikaa jamvini kutwa akichambua. Kila alikopita aliambiwa, "Nyongo huna tena, kitakuuma nini?"

Kauli hiyo inaniuma. Anayetolewa kifuko hajatolewa nyongo. Ini linaitengeneza kila siku, nayo huteremka kwenye mrija mkuu hadi utumbo mdogo. Jiwe huweza kuwa limeshaingia mrijani kabla ya upasuaji, au likajijenga humo miaka baadaye.

Mimi huanza kwa kuuliza: ni maumivu yale yale ya zamani, au mapya? Kama ni yale yale na hayakukatika hata wiki moja, nashuku kuwa mawe yalionwa lakini siyo yaliyokuwa yakiuma. Wengi wana mawe wasiyoyahisi maisha yao yote. Hapo natafuta vidonda, asidi, kongosho, na kwa mtu mzima moyo pia.

Maumivu yanayokuja kwa vipindi, nusu saa au zaidi, yakapenya hadi mgongoni, yanataka damu ichukuliwe siku ile ile kupima ini. Ukingoja wiki, vipimo huweza kuwa vimesharudi sawa. Na ultrasaundi safi haitoshi: sehemu ya chini ya mrija hufichwa na hewa ya utumbo, ndiyo maana tunahitaji MRI ya mirija ya nyongo. Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai kavu, au homa ikaja na kutetemeka, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mama huyu hakuwa na hata kimoja. Ini sawa, mrija sawa. Zamani wagonjwa wa namna hii walikatwa mlango wa mrija, ule msuli wa mviringo unaoitwa wa Oddi, pale nyongo inapoingia utumboni. Utafiti wa Marekani wa 2014, wagonjwa 214, ulionyesha kuwa kuukata hakukuwasaidia kuliko kutokukatwa.

"Nionyeshe panapouma, mama."

Wengi huweka kiganja kizima. Yeye aliweka kidole cha shahada, kando ya kovu. Nikaweka changu pale pale, nikabonyeza, nikamwomba anyanyue kichwa na mabega bila kushika kitanda.

"Hapo hapo, dokta! Yamezidi!"

Kipimo hiki alikieleza Carnett, daktari mpasuaji wa Marekani, mwaka 1926. Msuli ukikaza huwa ngao: maumivu ya ndani hupungua. Yakizidi, ukuta wa tumbo wenyewe ndio unaouma, mara nyingi ni neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa. Nikamchoma lidokeini kidogo, dawa ya ganzi, pale pale. Baada ya dakika kumi alijibonyeza, akajibonyeza tena, akanitazama.

"Yamekwenda wapi?"

Yalirudi baada ya wiki tatu, hafifu, tukarudia sindano. Kabla hajapanda boti nilimchorea tumbo kwenye karatasi, nikatia alama ya msalaba kando ya kovu na kuandika chini yake "neva", aiweke juu kabisa ndani ya ile bahasha.