"Fundi, Pulizia Tu Juu, Kutu Itajifia"

Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu hapa Kariobangi, Nairobi, na mara zote fremu ya baiskeli ilikuwa ya kuonea huruma: chuma kizuri cha zamani, kimepakwa rangi juu ya rangi.

Kutu haifi kwa kufunikwa. Inashika unyevu na hewa kama sponji, tena chuma kikigeuka kutu kinavimba na kuisukuma rangi kutoka chini. Ndiyo maana hata rangi ghali ya gari inatoa malengelenge. Lipasue lengelenge kwa ukucha uone unga wa kahawia ulivyo mbichi.

Na hiyo unayoiona ndiyo ndogo. Baiskeli ya zamani huozea ndani. Mvua ya Aprili inapenya kwenye paipu ya kiti, maji yanateremka mpaka penye ekseli ya pedeli, yanalala humo. Mwezi uliopita nililetewa Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani, inayong'aa. Nilipotoa ekseli na kuipindua fremu, yalimwagika matope mekundu ya kujaza kijiko. Nikaigonga paipu kwa spana: juu inalia kama kengele, chini inatoa mlio mfu. Nikasukuma bisibisi, ikapenya. Hapo dawa ni kukata paipu na kuunga nyingine.

Kwa hiyo nikikwambia lazima nivue kila kitu, ekseli na vikombe vya usukani vikiwemo, sikutafutii gharama. Napiga brashi ya waya na msasa hadi chuma cheupe, vishimo navipaka asidi ya fosfori, naosha, nakausha, halafu praima, rangi ya kwanza ya kushikia, siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja wa baridi ya Julai, asubuhi kimeshaanza kuota kutu. Rangi ikikauka, namimina mafuta ya kitani ndani ya kila paipu na kuizungusha fremu. Hilo siliruki kwa mteja yeyote. (Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje. Yakirundikwa kwenye kona yanaweza kuwaka yenyewe.)

Wengine wanaogopa kwamba tanuri la rangi ya unga linalegeza fremu. Halilegezi. Rangi hiyo huivishwa kwa nyuzi 200 hivi za Selsiasi, na shaba ya njano inayounga paipu huyeyuka karibu na 900. Ubaya wake ni kwamba ikiwa nene inafukia kingo za viungio, ule urembo wenyewe, pamoja na namba ya fremu.

Kupiga mchanga mkali kwa kompresa? Hiyo ni kazi ya mageti. Paipu ya Reynolds 531, chuma chepesi cha baiskeli nzuri za zamani, katikati inaweza kuwa na unene wa milimita 0.6 tu. Mchanga unaila, na vumbi lake linaua mapafu ya kijana anayeshika bomba.

Fila, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, nayo inajaza shimo, haibebi uzito. Kwenye fremu itakayopandwa siitumii.