Mche ulioanguka masika hauna kiu

Masika yakishika, nyanya, mchicha na mrehani vikiwa na siku kama kumi kitaluni, swali huja lilelile: "Miche inalala, nimwagilie mara ngapi kwa siku?" Usimwagilie hata mara moja. Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche, na maji unayoongeza ndiyo yanayoua iliyobaki.

Tazama shina, achana na majani. Mche wenye kiu hulegeza majani saa saba mchana, shina likiwa wima, na jioni hujirudi. Mche wa kinyausi huanguka na majani yake ya kijani. Pale shina linapogusa udongo limesinyaa kama uzi, limekuwa la kahawia na linateleza ukilishika. Tena huanguka kwa mabaka: leo minne pamoja, kesho baka limetanuka. Ukikuta shina limekatwa kama kwa wembe, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kidogo kando ya mche asubuhi, utamkuta amejikunja.

Wanaoleta ugonjwa huu ni vimelea wa udongoni, hasa Pythium na Rhizoctonia. Pythium anapenda masika kwa sababu vijimbegu vyake huogelea: udongo ukijaa maji, umemfungulia njia hadi kwenye mizizi. Rhizoctonia hahitaji maji mengi hivyo, ndiyo maana hata kitalu chenye unyevu wa wastani huweza kupata mabaka.

Linaloniudhi zaidi ni lawama kwa mbegu. Kinyausi huanza hata kabla mche haujatokeza. Mbegu huoza chini, kisha muuzaji anaitwa tapeli. Pima kabla ya kulaumu. Funga mbegu 10 kwenye kitambaa kibichi, weka mahali pa joto. Zikichipua 8 kwenye kitambaa na 3 tu kitaluni, tatizo ni kitalu chako. Giligilani ipe hadi wiki mbili. Ni nzito kuota, na wengi huifukua siku ya tano.

Kitalu cha masika lazima kiinuke sentimita 15 hadi 20. Kile cha kuzama kilichokufaa kiangazi, kwa kuwa kilishika maji, sasa ni bwawa. Samadi iwe imeoza kabisa: isinuke, isiwe na joto ukiingiza mkono. Panda kwa mistari, sentimita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari, mbegu za nyanya zifukiwe sentimita 1 tu. Kumwaga mbegu kama chumvi ndiko kunakozalisha msitu usiopitisha hewa. Za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize. Miche ikitokeza, ondoa nyasi za matandazo jioni hiyohiyo, kisha punguza hadi mche na mche uachane sentimita 3 hivi. Mvua ikipiga kwa nguvu, ezeka kichanja cha makuti au nyasi kimo cha mita moja, ubavuni pawe wazi.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Udongo ukiganda kidoleni, weka ndoo chini. Maji yakihitajika, mwagilia asubuhi, uso wa udongo ukauke kabla ya usiku.

Kuhusu majivu, siwezi kuyasifu kama vitabu vinavyoyasifu. Hukausha uso wa udongo kidogo, mvua moja huyaondoa, na yakizidi huujaza udongo magadi. Kubadilisha mazao nako hakutoshi hapa: Pythium hachagui nyanya wala pilipili, na hubaki udongoni muda mrefu. Na kuna vitalu vilivyotayarishwa vizuri ambavyo bado hupoteza baka moja au mawili mvua ikikaa siku nne mfululizo.

Iliyoanguka haiponi. Ing'oe pamoja na udongo wake na ile jirani iliyo kando yake, vitupe mbali na lundo la mboji. Acha baka likauke, chokoa udongo juujuu hewa ipite, na usipande tena hapo msimu huu.